Wasichana wa Rwanda na Kiwanja Chetu cha Chini

(Hotuba iliyotolewa bwaloni mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, na mwenzetu mmoja ambaye sasa ni mtumishi wa serikali. Imechapwa kama alivyoisema, ila salamu zimefupishwa. — Mhariri)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu, wazee wetu mliotutangulia kula katika bwalo hili, dada zetu, na ninyi wanafunzi mliokaa nyuma mkingoja pilau:

Kamati iliniomba nizungumze juu ya michezo na maendeleo. Mada hiyo ni pana mno. Mtu akipewa mada pana hivyo huishia kusema kwamba michezo ni afya na michezo ni udugu, akapigiwa makofi, akaketi. Nimeona heri nichague jambo moja tu, nalo ni jinsi taifa linavyoweza kupata timu ya wanawake ya mchezo wa kriketi. Najua wengine mnatazamana. Kriketi? Na ya wanawake? Nivumilieni. Katika ajenda ya mchana huu, kipengele cha nne, tunatakiwa kuamua kama kiwanja cha chini kikatwe upande wa barabarani ili zijengwe fremu za maduka za kupangisha. Sitaki kuliingia jambo hilo moja kwa moja. Nitapitia Kigali.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa faida ya wale wanaoujua kwa picha. Timu ni mbili, watu 11 kila upande. Katikati ya kiwanja pana kipande kigumu kilichosawazishwa, urefu wake kama mita 20, na kila mwisho pamesimikwa vijiti vitatu. Hiyo ndiyo wiketi. Mmoja anarusha mpira mgumu wa ngozi kuvielekea vijiti, mwingine amesimama mbele yake na gongo kuvilinda. Nimesema gongo la mti. Huko nyuma msicheke. Akiupiga mpira hukimbia, akipishana na mwenzake, kutoka mwisho huu hadi ule, na kila safari ni mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani kwa kutambaa ni mikimbio 4, ukivuka juu kwa juu ni 6. Mipira 6 ni ova moja, na katika mchezo mfupi unaopendwa siku hizi kila upande hupewa ova 20, mambo yakaisha kwa saa tatu hivi. Mpira wa wanawake una gramu 140 hadi 151. Wa wanaume hufika 163. Mipaka nayo husogezwa karibu kidogo. Zaidi ya hapo mchezo ni ule ule.

Wako wanaodhani wanawake wameuvamia mchezo huu juzi. La hasha. Uingereza kuna kumbukumbu ya mechi ya wanawake iliyochezwa karibu na mji wa Guildford mwezi Julai 1745. Tena Kombe la Dunia la kwanza kabisa la kriketi lilikuwa la wanawake, mwaka 1973, huko huko Uingereza. Wanaume walilicheza la kwao mwaka 1975. Pamoja na hayo, klabu kubwa ya Marylebone, yenye kiwanja cha Lord's jijini London, ilikubali wanawake kuwa wanachama wake mwaka 1998. Mwaka huo mimi nilikuwa kidato cha pili hapa, nikilala bweni ambalo wajumbe wa Kamati wanasema linavuja. Lilikuwa linavuja na wakati ule.

Upande wetu wa dunia kriketi ilikuja na Waingereza, ikakaa katika vilabu. Katika Kombe la Dunia la wanaume la 1975 ilikwenda timu iliyoitwa East Africa, yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Ilicheza mechi tatu ikafungwa zote tatu. Kenya baadaye ilipanda hadi nusu fainali ya mwaka 2003, na sisi majirani tukajivuna nayo kama ni yetu. Kufika mwaka 2014 ilikuwa imepoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Wataalamu wana maelezo mengi juu ya anguko hilo. Mimi nasema moja: wale mashujaa wa 2003 walipochoka, nyuma yao hapakuwa na foleni ya watoto waliokwisha kufundishwa.

Sasa Rwanda. Nchi hiyo ilitawaliwa na Wabelgiji, ambao hawakuacha gongo wala wiketi. Kriketi iliingia baada ya 1994, waliporudi nyumbani Wanyarwanda waliokulia uhamishoni Uganda, Kenya na hapa kwetu Tanzania. Walirudi na Kiswahili, walirudi na Kiingereza, na baadhi yao walirudi na kriketi. Chama chao kiliundwa mwaka 1999, na mwaka 2003 wakapokewa katika Baraza la Kimataifa la Kriketi.

Kiwanja chao cha mwanzo kilikuwa Kicukiro, Kigali, katika eneo la shule ya ufundi iliyojulikana kwa jina la ETO. Wanafunzi, jina hilo mlishike. Mwezi Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000 walikimbilia katika shule hiyo kwa sababu palikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ubelgiji. Tarehe 11 Aprili askari hao waliondolewa. Wauaji wakawachukua wale watu na kuwasukuma kuelekea kilima cha Nyanza, na huko wengi wao waliuawa. Basi katika eneo la shule hiyo ndipo vijana wa Rwanda walipokuja kujifunza kurusha mpira. Sisi tukisema kiwanja chetu kina historia, huwa tunakusudia fainali za mabweni.

Miaka ilipita, wakaona wanahitaji kiwanja chao wenyewe. Michango ikakusanywa ndani na nje ya nchi. Nahodha wa timu ya wanaume, Eric Dusingizimana, ambaye ni mhandisi kwa kazi yake, alisimama na gongo ndani ya wavu wa mazoezi Kigali mwezi Mei 2016, akapiga mipira kwa saa 51, akaweka rekodi ya dunia, ili watu wasikie na wachange. Kiwanja kilifunguliwa Gahanga, nje kidogo ya jiji, mwezi Oktoba 2017. Jengo lake la watazamaji lina mapaa ya kuba matatu yaliyojengwa kwa vigae vilivyofinyangwa kwa udongo wa huko huko na saruji kidogo, na ukiyatazama kwa mbali yanafuata njia ya mpira unaodunda. Nawaomba mafundi waliosoma hapa siku moja wapite wakayaone.

Lakini jengo silo lililonileta. Kabla ya Gahanga, mwaka 2014, katika kumbukumbu ya miaka 20 ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Wanyarwanda walianzisha mashindano ya kriketi ya wanawake. Wakayaita Kwibuka. Anayejua Kiswahili hahitaji mkalimani: kwibuka ni kukumbuka. Hufanyika mwezi Juni, nchi jirani na za mbali kidogo zikialikwa. Tanzania tumekwenda, na mwaka 2022 dada zetu walilitwaa kombe hilo kwa kuifunga Kenya katika fainali. Kwa taarifa ya wasiojua, timu yetu ya wanawake ni ya zamani; mwezi Aprili 2004 ilikwisha kucheza na Kenya, Uganda na Namibia.

Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane, hasa sisi wa kipengele cha nne. Chukua nchi ndogo yenye viwanja vya kriketi vya kuhesabika kwa vidole. Wanaume wanavitaka, shule zinavitaka, wageni wanavitaka. Kwa kawaida ya dunia wasichana watapewa masalio: saa ya jua kali, au siku ambayo wanaume wamekwenda safari. Kwibuka iliigeuza kawaida hiyo. Mwezi wa Juni ukifika, kiwanja bora kuliko vyote nchini ni cha wanawake, nyasi zimekatwa kwa ajili yao, waamuzi wameitwa kwa ajili yao, na jambo hilo linajulikana tangu Januari. Msichana anayefanya mazoezi mwezi Machi anajua anajiandaa kwa siku gani. Kocha anajua ana wiki ngapi. Mzazi anayeombwa ruhusa anatajiwa tarehe. Wenzangu mliomo serikalini mnalielewa hili kuliko mtu yeyote: shughuli isiyo na tarehe haina fungu, na isiyo na fungu hufanyika kwa huruma ya mtu.

Waliosoma wametuachia msemo kwamba mcheza kwao hutunzwa. Wasichana wa Rwanda walicheza kwao mwaka baada ya mwaka. Walifungwa kwao pia, tena mbele ya mama zao.

Baraza la Kimataifa liliamua kwamba tangu Julai 2018 mechi zote za ova 20 baina ya timu za wanawake za nchi wanachama zihesabiwe kuwa mechi rasmi za kimataifa. Ulikuwa uamuzi mwema, na ulikuwa na uchungu wake. Mwezi Juni 2019 ilifika Kigali timu ya Mali. Ilipocheza na Rwanda ilitolewa yote kwa mikimbio 6, na katika hiyo 6, mitano ilikuwa ya ziada. Gongo la Mali lilizaa mkimbio mmoja. Rwanda walimaliza kazi kwa mipira 4. Siku zilizofuata Tanzania tuliwapiga mikimbio 285 kwa kupoteza wiketi 1, Fatuma Kibasu akipata 108 bila kutolewa, na Uganda wakawapiga 314 kwa wiketi 2. Magazeti ya dunia, ambayo hayajawahi kuitaja kriketi ya Mali, siku hizo yaliitaja kwa furaha kubwa.

Mimi sikucheka, na nitawaambia kwa nini. Iko nchi inaitwa Thailand, ambako mchezo huu haukuwa na mizizi zaidi ya kwa Wazungu na Wahindi wakaazi. Timu yao ya wanawake iliingia mashindano ya kimataifa mwaka 2007. Wengi wa wasichana wake walitoka katika mchezo wa softiboli. Walijua kurusha na kudaka, wakafundishwa yaliyobaki. Hakuna aliyewajali. Mwaka 2018 waliifunga Sri Lanka katika Kombe la Asia. Kutoka 2018 hadi 2019 wakashinda mechi 17 mfululizo, rekodi ya dunia kwa wakati ule, wakaipita hata Australia. Mwaka 2020 walikwenda Kombe la Dunia nchini Australia wakiwa na nahodha wao Sornnarin Tippoch, na kila baada ya mechi wakawainamia watazamaji kwa heshima, washinde wasishinde. Mechi ya mwisho walicheza na Pakistan, wakapiga 150 kwa wiketi 3, kisha mvua ikanyesha na matokeo yakafutwa.

Nao wameonja dhuluma za ofisini. Mwezi Novemba 2021 walikuwa Harare katika mashindano ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia la siku moja. Waliifunga Bangladesh. Katikati ya mashindano ikazuka aina mpya ya ugonjwa wa korona, mashindano yakavunjwa, nafasi zikagawanywa kwa orodha ya viwango. Thailand haikuwamo katika orodha ile kwa kuwa haikuwa na hadhi ya mechi hizo. Bangladesh ilikuwamo, ikaenda. Mimi ninayeshinda na majalada ofisini nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nimeona kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Ndiyo maana inaniuma. Mwaka uliofuata wakapewa hadhi hiyo, na mwezi Oktoba 2022 wakaifunga Pakistan.

Turudi Rwanda. Mwaka 2022 Baraza liliandaa kwa mara ya kwanza njia ya kwenda Kombe la Dunia la wasichana wenye umri chini ya miaka 19. Nafasi ya Afrika iligombewa Botswana mwezi Septemba. Fainali ilikuwa Rwanda na Tanzania. Rwanda walitufunga. Ndugu zangu, haikuwa bahati. Kocha wao, Leonard Nhamburo kutoka Zimbabwe, alikuwa na watoto ambao baadhi yao walikwisha kuichezea timu kubwa ya taifa. Henriette Ishimwe alikuwa ameivaa jezi ya timu kubwa akiwa na umri wa miaka 15. Gisele Ishimwe, nahodha, naye alikuwa amekwisha pambana na wanawake wazima. Kwao kupambana na watoto wenzao kulikuwa ni kupumzika.

Januari 2023 wakaenda Afrika Kusini, timu ya kwanza ya Rwanda, ya wanaume au ya wanawake, kufika Kombe la Dunia la kriketi la aina yoyote. Pakistan wakawafunga. Kisha wakakutana na Zimbabwe, nchi iliyokuwa ikienda Kombe la Dunia la wanaume tangu 1983. Rwanda wakapata mikimbio 119. Zimbabwe wakaishia 80, na mwishoni Henriette Ishimwe alitoa wachezaji wanne kwa mipira minne iliyofuatana. Anayeufahamu mchezo anajua kwamba mtu anaweza kucheza miaka 20 asione jambo hilo kwa macho yake. England wakawafunga vibaya. Hawakulia. Wakaingia awamu ya pili wakakutana na West Indies, ambao baba zao walitwaa Kombe la Dunia la 1975 na la 1979. West Indies wakatolewa wote kwa 70. Rwanda wakaifikia idadi hiyo kwa jasho, wiketi sita zimekwenda, nahodha Gisele akiwa amesimama bado na mikimbio 31. Wakaimba na kucheza uwanjani kama wako harusini.

Sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Timu kubwa ya Rwanda haikufika Kombe la Dunia la 2024. Mwaka 2025, katika mashindano hayo ya wasichana yaliyofanyika Malaysia, nafasi ile ya Afrika ilichukuliwa na Nigeria, nao Wanigeria wakaifunga New Zealand kwa mikimbio 2. Maana yake ni kwamba wengine nao wanafanya kazi, na anayelala hupitwa hata kama jana alikuwa shujaa. Lakini tazameni jinsi umbali ulivyopungua. Wasichana wa nchi ambayo mwaka 1994 haikuwa na gongo hata moja wamezifunga nchi mbili zenye viti vya mbele katika Baraza.

Katika kazi yangu napitia makadirio ya matumizi. Nimejifunza kuyasoma kama daktari anavyosoma ulimi. Ukitaka kujua taasisi inathamini nini, usisome dibaji, soma fungu linalokatwa la kwanza fedha zikipungua. Nimeona mara nyingi michezo ya wasichana haina hata fungu la kukatwa. Imewekwa ndani ya “shughuli nyinginezo”, pamoja na maua ya mahafali. Sasa jana nilikwenda kwenye ubao wa ofisi ya michezo hapa shuleni, nikaisoma ratiba ya kiwanja cha chini. Jumatatu mpira wa miguu. Jumanne mpira wa miguu, timu ya pili. Jumatano riadha ya wavulana. Alhamisi mpira wa miguu. Ijumaa mechi. Shule hii imekwisha pokea wasichana wa Kidato cha Tano na cha Sita kwa miaka kadhaa, na mali yao kimichezo ni kile kiwanja cha netiboli karibu na jiko, chenye mawe, ambacho upande mmoja umeliwa na kuni. Simlaumu mwalimu wa michezo. Aliikuta ratiba hiyo, kama sisi tulivyoikuta.

Kuhusu fremu za maduka, nataka niwe mwenye haki. Waliotoa wazo hilo ni watu wanaoipenda shule hii, na paa la bweni wanalotaka kulilipia ni bovu kweli. Kodi ya maduka ni fedha ya uhakika kuliko michango yetu, ambayo kila mwaka tunaiahidi kwa sauti kubwa na kuilipa kwa sauti ndogo. Lakini nimekipima kiwanja kwa kamba. Upana wake, tangu mtaro wa juu hadi ua wa barabarani, ni mita 125. Mpango unakata mita 30. Zinabaki 95. Kriketi ya wanawake inataka mpaka usiopungua mita 55 kutoka katikati, kila upande. Yaani mita 110. Mkikata, kiwanja cha kriketi hapa hakitakuwapo tena, na njia ya kukimbilia ya riadha nayo itapinda kwenye kona za maduka. Kiwanja kikishajengwa duka hakirudi. Hayupo mtu katika mkutano huu anayeweza kunitajia mfano mmoja wa duka lililobomolewa ili watoto wacheze. Upande wa geti la juu ipo karakana ya zamani isiyotumika, imegusa barabara ile ile inayokwenda sokoni. Kwa nini fremu zisijengwe hapo? Nimemwuliza mjumbe mmoja, akasema pale hapaonekani vizuri. Panaonekana. Mama muuza maandazi amepaona miaka mingi.

Na kwa nini kriketi, wakati mpira wa miguu una wapenzi tele? Swali zuri, na jibu langu si la mapenzi, ni la hesabu. Katika mpira wa miguu wa wanawake duniani foleni ni ndefu, na walio mbele ni matajiri. Katika kriketi, kama mlivyosikia, nchi ndogo yenye subira ya miaka kumi inaweza kukaa meza moja na West Indies. Tena wasichana wetu hawaanzi na mikono mitupu. Wale wa Thailand walikuja na softiboli. Wetu wanakuja na rede. Msichana aliyecheza rede tangu darasa la kwanza amekwisha jifunza kurusha mpira kwa shabaha, kuukwepa, kuudaka kwa mkono mmoja, na kuhesabu huku akikimbia. Tumemwita mtoto anayecheza rede kuwa anapoteza muda, kumbe nusu ya somo analo.

Wasichana wa Kidato cha Tano, ninyi sitawadanganya. Mnakuja hapa na miaka 17 au 18. Miaka miwili ya kuanzia gongo haimtoshi mtu kuingia timu ya taifa, hasa na mtihani mbele. Mnaweza kuwa wachezaji wa vyuo, waamuzi, walimu wa mchezo, na mmoja wenu mwenye mkono mwepesi huenda akatushangaza. Lakini timu ya taifa iko ng'ambo ya ua wetu, katika shule ya msingi, darasa la nne na la tano. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo ninachokiomba si timu ya shule ya kwenda kupiga picha. Naomba wasichana wa hapa wajifunze, na Jumamosi asubuhi wawafundishe wale wadogo kwa mpira wa tenisi, ambao haumvunji mtu kidole. Hivyo ndivyo foleni inavyopangwa.

Vinavyotakiwa si vingi. Kipande cha saruji, mita 20 kwa mita mbili na nusu, kiwekwe kati ya kiwanja cha mpira wa miguu na pale palipokuwa kiwanja cha magongo, kisimsumbue mtu. Juu yake jamvi la nyuzi za makumbi, kama walivyokuwa wakitandika wazee wetu mijini. Mwalimu mmoja wa kike apelekwe mafunzo wakati wa likizo, arudi na cheti. Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi jioni kiwanja cha chini kiwe cha wasichana, iandikwe ubaoni kwa rangi, si kwa chaki, na isibadilishwe bila kikao. Timu ya pili ya mpira wa miguu itapata saa kumi na mbili asubuhi, na najua kwa kuwa nilikuwa katika timu hiyo kwamba haitapungukiwa na kitu. Mwisho, tarehe moja kila mwaka, ile ile, mechi na shule jirani ya wasichana. Napendekeza iwe siku ya mkutano huu, ili tuione wenyewe badala ya kusomewa taarifa.

Darasa letu la 2000 limechanga mifuko 40 ya saruji. Iko stoo ya shule tangu Ijumaa, na Mkuu wa Shule ametupa stakabadhi. Mhandisi mmoja wa darasa hilo atasimamia kumwaga bila malipo. Jamvi bado, atakayelitoa amwone Katibu, ana daftari. Mvua za masika zikikuta saruji ile stoo itaganda, kwa hiyo ningeomba, Ndugu Mwenyekiti, kipengele cha nne kitangulizwe kabla ya kile cha tatu, ambacho ni uchaguzi wa viongozi na sote tunajua utachukua muda.